Mvua za baridi zimeozesha miche yangu ya asili. Nisubiri ziishe?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nina kiwanja cha kama robo ekari nyuma ya nyumba, kinateremka taratibu hadi kwenye kijito. Huku baridi na mvua huja pamoja, na zikianza hazikatiki miezi minne mitano. Mwaka jana niliamua kurudisha uoto wa asili. Nilifyeka na kung'oa magugu yote, nikachimba mashimo makubwa, nikajaza mboji, nikapanda miche 200 ya mimea ya asili. Mvua zilipokwisha, zaidi ya nusu ilikuwa imeoza, ukingo wa kijito umemegeka, na magugu yamerudi mengi kuliko mwanzo. Hata bustani yangu ya mboga, iliyo upande wa juu, iligeuka tope tupu. Sasa mvua zimeanza tena. Nikae nisubiri ziishe ndipo nianze upya?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Usisubiri. Ila usirudie ulivyofanya mwaka jana hata kama una hamu ya kufidia hasara.

Katika barua yako neno lililonishtua ni dogo sana: "yote". Uling'oa magugu yote. Robo ekari ni karibu mita za mraba 1,000, na wewe una mikono miwili. Uliiacha ardhi uchi mvua kubwa zikiwa mlangoni, na ardhi haikai uchi. Usipokuwa na cha kuivika, itajivika kilicho karibu, na kilichokuwa karibu ni mbegu za magugu zilizolala udongoni miaka na miaka zikingoja mwanga. Kila ulipofukua, uliziamsha. Kwa hiyo magugu yale hayakurudi. Uliyapanda mwenyewe, bila kujua. Usione haya. Karibu kila mtu ninayemfahamu katika kazi hii aliingia kwa mlango huohuo, mimi nikiwa mmojawapo.

Tuanze na miche iliyooza, maana hapo ndipo penye mafunzo mengi.

Mizizi hupumua. Inahitaji oksijeni kama sisi, na huipata kutoka kwenye vijitundu vya hewa vilivyomo ndani ya udongo. Mvua ikijaza vijitundu vile, oksijeni haina tena njia ya haraka: katika maji husafiri polepole kuliko hewani, mara kama 10,000 hivi. Ile kidogo iliyobaki hugombaniwa na bakteria, na mizizi ikikosa huanza kufa kuanzia ncha. Habari njema ni kwamba wakati wa baridi mmea uliolala, yaani ulioacha kukua kwa muda, hutumia oksijeni kidogo sana. Mti ule ule unaoweza kufa kwa siku chache za mafuriko ya wakati wa joto unaweza kuvumilia wiki kadhaa za maji baridi ukiwa umelala. Ndiyo maana nasema mvua peke yake haitoshi kueleza kifo cha zaidi ya miche 100.

Mashimo yako ndiyo ninayoyashuku. Ulichimba makubwa, ukajaza mboji laini, na nina hakika ulijivunia, kwani ndivyo tulivyofundishwa sote. Sasa fikiria udongo wa mfinyanzi mzito, halafu katikati yake shimo lenye mboji inayonyonya maji kama sifongo. Maji yanayoteleza juu ya mfinyanzi yanaingia kwenye mboji kwa urahisi, yakifika kwenye kuta na sakafu ya shimo yanagoma. Umetengeneza beseni. Mche wako umekaa ndani ya beseni la maji baridi miezi minne. Hata mmea wa kinamasi ungelalamika.

Kuna mshukiwa wa pili, na huyu ni hatari zaidi kwa sababu haonekani. Kuna viumbe wa jamii ya Phytophthora, wanaofanana na kuvu ingawa kinasaba wako karibu zaidi na mwani, ambao mbegu zao ndogondogo huogelea. Naam, zina vijimkia, na zinahitaji utando tu wa maji katikati ya chembe za udongo ili zitoke mzizi mmoja hadi mwingine. Udongo uliojaa maji kwao ni barabara kuu. Kusini magharibi mwa Australia, Phytophthora cinnamomi imeua misitu na vichaka kwa maeneo makubwa, na takriban asilimia 40 ya mimea ya asili ya eneo lile inaweza kuambukizwa. Ilienezwa na nini? Tope. Tope la kwenye magurudumu, kwenye buti, kwenye mizizi ya miche iliyotoka kitaluni. Ikishaingia kwenye ardhi haitoki tena.

Sisemi kwamba unayo. Chomoa mche mmoja uliokufa ukaoshe mizizi yake. Mizizi iliyokufa kwa kukosa hewa mara nyingi huwa myeusi na laini, yenye harufu ya uvundo wa yai bovu. Iliyoshambuliwa huwa ya kahawia, na ukiikwangua ganda kwenye shingo ya mche unaona doa la kahawia likipanda juu ya sehemu ya mti iliyo hai. Dalili hizi huchanganyika, kwa hiyo ukitilia shaka peleka sampuli kwa watu wa maabara ya magonjwa ya mimea. Vyovyote iwavyo, shika tabia moja kuanzia leo: kabla ya kuingia na kabla ya kutoka kiwanjani wakati wa mvua, sugua tope lote kwenye buti na sepeto, ndipo upulizie spiriti. Usianze na spiriti, kwani haipenyi tope. Na miche unayoletewa itoe kwenye chombo uitazame mizizi kabla hujaipokea. Mizizi hai ina ncha nyeupe. Muuzaji akikunja uso, mwache akunje.

Sasa kazi ya msimu huu. Ya kwanza haihitaji jembe. Siku mvua inaponyesha kwa nguvu, vaa koti, chukua fungu la vijiti, ukatembee kiwanja chako mvua ikiwa inanyesha. Watu wengi huitazama ardhi yao jua likiwaka, na jua halionyeshi chochote kuhusu maji. Angalia maji yanaingilia wapi, yanakimbia wapi, yanatua wapi. Weka kijiti pembeni ya kila dimbwi. Rudi baada ya siku moja, kisha baada ya siku tatu, uone madimbwi gani yamenywewa na yapi bado yapo. Ukimaliza utakuwa na ramani ambayo hakuna mtaalamu anayeweza kukuchorea akiwa mbali: sehemu inayolowa na kukauka, sehemu inayolowa na kukaa, na sehemu isiyolowa kamwe. Hizo ni bustani tatu tofauti. Mwaka jana ulizipanda kama moja.

Thibitisha kwa mashimo mawili, moja chini karibu na kijito, jingine katikati ya mteremko, kila moja sentimita 30 kwenda chini. Tazama rangi ya udongo unaoutoa. Ukiwa wa kahawia au mwekundu sawasawa, hewa inafika. Ukiwa wa kijivu au wenye ubuluu, na madoa ya kutu yaliyotawanyika, basi maji hukaa hapo sehemu ya kila mwaka: chuma kilichomo udongoni hupoteza rangi yake kikikosa oksijeni, kisha hupata kutu tena pale hewa inapopenyeza. Udongo unakuandikia historia ya mafuriko ambayo hukuwapo kuyaona. Kisha jaza maji kwenye shimo, yaache yanywewe, jaza tena, upime kwa rula yanashuka sentimita ngapi kwa saa. Yakishuka mbili au zaidi, huna tatizo kubwa. Yasipofika hata moja, panda mimea ya kinamasi au panda juu ya vilima vidogo vya udongo utakavyoinua mwenyewe, basi. Kama shimo linajaa lenyewe kabla hujaleta ndoo, umeshapata jibu.

Jambo la pili ni miguu yako. Finyanga udongo kiganjani uwe tonge. Tonge likivunjika ukilisukuma kwa kidole gumba, unaweza kufanya kazi. Likibonyea na kung'aa kama plastiki, ondoka hapo. Udongo uliolowa haustahimili uzito, na ubaya wake ni kwamba zile hatua za kwanza ndizo zinazougandamiza kuliko zote zinazofuata. Mtu anaweza kuharibu kwa mchana mmoja kile ambacho nyungunyungu na mizizi watahitaji miaka kukirekebisha. Chagua njia moja, itandaze maganda ya miti au matawi yaliyokatwakatwa, na usitoke nje yake. Ukilazimika kufikia pengine, laza ubao chini usimame juu yake. Toroli lililojaa tope kwenye mteremko mwezi wa tatu wa mvua? Sahau.

Tukija kwenye magugu. Miaka ya 1960 huko Sydney, dada wawili, Joan na Eileen Bradley, walianza kuondoa mimea vamizi kwenye pori la karibu na kwao, kwa mikono na zana ndogo tu. Njia yao ilikuwa kinyume cha ile ambayo kila mtu angeifikiria. Wengi wetu tunashambulia pale palipojaa magugu zaidi, kwa kuwa ndipo panapotuudhi. Wao walianzia pale ambapo mimea ya asili ilikuwa bado ina nguvu, wakang'oa gugu mojamoja, wakarudisha majani makavu juu ya udongo, kisha wakasubiri. Hawakusogea mbele mpaka mimea ya asili yenyewe iwe imeziba pengo. Kasi ya kusafisha ilipangwa na kasi ya pori kurudi. Uchu wa mwenye kung'oa haukuhesabiwa. Walipohama hatua moja kuelekea kwenye magugu, nyuma yao palikuwa pamefungwa.

Natamani ningekuwa nimejua habari zao nilipoanza. Nilifyeka ukingo mzima wa kijito katika siku tatu nikapiga na picha, ukingo msafi ajabu. Mafuriko ya kwanza yaliuchukua, pamoja na mti mmoja wa miaka mingi ambao mizizi yake ilikuwa imeshikwa na yale magugu niliyoyachukia.

Kwa hiyo tafuta miche yako iliyopona. Umesema zaidi ya nusu imekufa, maana yake labda 80 au 90 bado ipo, nayo imekuonyesha yenyewe mahali panapoifaa. Hizo ndizo ngome zako. Msimu huu ng'oa magugu yaliyozizunguka tu, kwa upana wa mkono mmoja ulionyooshwa, basi. Kwengine kote acha, hata kama macho yanauma. Kinachoruhusiwa kule ni kukata vichwa vya magugu yanayotaka kutoa mbegu, bila kugusa udongo.

Udongo uliolowa una neema yake: vichipukizi vya miti na vichaka vamizi hutoka na mzizi mzima ukivuta taratibu, jambo ambalo kiangazi haliwezekani. Vuta, kung'uta udongo urudi shimoni, bonyeza kwa kiganja, funika kwa majani. Lakini usivute kila kitu. Mimea inayosambaa kwa mashina ya chini ya ardhi ukiichokoa kwenye tope inakatika vipande, na kila kipande ni mmea mpya. Reynoutria japonica, ile inayosumbua kingo za mito ya Ulaya na Marekani, inaweza kuchipua tena kutoka kwenye kipande kisichofika gramu moja. Namna hiyo iachie ardhi iliyokauka na mpango wa miaka, na kabla hujaigusa uliza mamlaka ya mazingira, kwani kuna nchi zenye sheria hata kuhusu mahali pa kutupa mabaki yake.

Ukingo wa kijito unahitaji maneno yake peke yake. Kuna gugu liitwalo Impatiens glandulifera, lililofikishwa Uingereza mwaka 1839 kutoka milima ya Himalaya kwa sababu ya maua yake mazuri. Hukua kupita kimo cha mtu katika msimu mmoja, huua kwa kivuli kila kilicho chini yake, kisha baridi ikifika linakufa lote kwa mkupuo. Ukingo unabaki mtupu wakati uleule maji ya kijito yanapopanda. Sijui kama unalo, lakini ulichokifanya mwaka jana kwa fyekeo ni kile kile linachofanya lenyewe. Kanuni yangu kwenye kingo ni hii: usiondoe mzizi unaoshika udongo mpaka uwe umeweka mwingine. Kata mimea vamizi juu ya ardhi, acha visiki na mizizi vishike, panda katikati yake. Visiki vitachipua, utavikata tena, vitachipua kwa unyonge zaidi. Mizizi mipya ikishashika ndipo unang'oa ile ya zamani, kidogokidogo.

Na cha kupanda ukingoni ndicho kitu kinachonifanya niupende msimu huu wa baridi. Ipo miti inayoota kutoka kwenye tawi lililochomekwa tu ardhini, na mierebi ndiyo mashuhuri kuliko yote. Mti ukiwa umelala, kabla machipukizi hayajavimba, kata matawi yaliyonyooka yenye unene wa kidole gumba, urefu wa sentimita 60 hadi mita moja. Upande wa chini kata mshazari, wa juu kata mraba, ili usije ukapanda kichwa chini. Inatokea, tena kwa watu wenye vyeti. Loweka siku chache kama huwezi kupanda hapohapo. Toboa njia kwa nondo, chomeka mpaka theluthi mbili za fimbo ziwe ndani ya udongo unyevu, gandamiza pembeni pasibaki hewa. Hakuna mbolea, hakuna shimo, na udongo wa ukingo haukufukuliwa. Ila hakikisha ni aina ya asili ya mahali ulipo. Australia imeiweka mierebi mingi ya kigeni katika orodha ya magugu yake mabaya kitaifa, kwa sababu ya wepesi huohuo wa kuota.

Miche ya kawaida, panda mapema mvua zinapoanza kuukolea udongo uliobaki na joto kidogo, au subiri mwishoni zinapopungua. Katikati, ardhi ikiwa uji, usipande kitu. Chukua miche midogo. Mkubwa unapendeza siku ya kupanda, mdogo unaupita baada ya miaka michache kwa sababu mizizi yake inakua pale pale itakapoishi. Shimo lisizidi kina cha mizizi, kuta zake zikwaruze kwa uma zisibaki laini kama chungu, na rudisha udongo uleule uliotoka. Mboji itandaze juu, si ndani. Kwenye sehemu zinazolowa, inua kilima cha udongo cha sentimita 15 au 20 upande juu yake, ili shingo ya mche iwe nje ya maji hata siku mbaya. Matandazo yasiguse shina, acha nafasi ya upana wa kiganja. Na usitie mbolea ya dukani. Mimea mingi ya asili imezoea udongo maskini, na unaporutubisha unawasaidia wavamizi, ambao ndio wenye tumbo kubwa. Jamii ya Proteaceae, ya kina protea na makadamia, inakwenda mbali zaidi: mizizi yake ni hodari mno wa kutafuta fosforasi, hata ukiipa fosforasi nyingi inajidhuru.

Mbegu nazo zina biashara na baridi. Mbegu nyingi za nchi zenye baridi haziwezi kuota mpaka zimelala kwenye unyevu na ubaridi wiki kadhaa, kati ya nne na kumi na mbili kwa nyingi. Ni kinga, ili zisidanganywe na siku moja ya jua zikaota kabla ya baridi kali. Watu hulaza mbegu kwenye mchanga mbichi ndani ya friji kuiga hali hiyo. Wewe una friji ya robo ekari. Zitupe sasa juu ya udongo uliokwaruzwa kidogo, karibu na ngome zako, zikanyagie na ubao, uondoke. Nyingine hazijali baridi, zinataka moshi. Mwaka 1990 watafiti wa Afrika Kusini walionyesha kwamba moshi wa mimea, bila moto wenyewe, unaamsha mbegu za mmea uitwao Audouinia capitata, wa fynbos, yaani vichaka vya asili vya Rasi ya Afrika Kusini, na mwaka 2004 ikabainika ni kemikali gani ndani ya moshi inayofanya kazi hiyo. Siku hizi maji yaliyopitishiwa moshi hutumika kuloweka mbegu za namna hii. Kwa hiyo kabla ya kulaumu mbegu kwamba ni mbovu, uliza inatoka kwenye nchi ya baridi, ya moto, au ya vyote viwili. Na ukiokota mwenyewe, omba ruhusa, okota kwenye mimea mingi ya jirani, na usichukue zaidi ya mbegu moja katika kila ishirini.

Uliniuliza kuhusu mimea tu, lakini makazi ni ya wakaaji pia, na msimu huu wengi wao wako nyumbani wamelala. Kwenye majani yaliyoanguka kuna viwavi, mabuu na buibui. Ndege mmoja mdogo wa Marekani, Poecile carolinensis, anahitaji viwavi kati ya 6,000 na 9,000 kulea kiota kimoja cha makinda. Ukikusanya majani na kuyachoma, umechoma ghala lake. Mashina matupu ya maua yaliyokauka yaache yasimame hadi joto lirudi, kisha yakate kwa urefu unaotofautiana, kuanzia kiganja hadi kufika goti. Nyuki wapweke watataga humo. Walakini nyuki wengi, kama asilimia 70 ya aina zao, hutaga ardhini, kwa hiyo usifunike kila mahali kwa matandazo kana kwamba udongo ni aibu. Acha kipande cha mteremko kinachopigwa na jua, kisichotuamisha maji, kikiwa wazi. Najua nimekwambia ardhi haikai uchi. Kipande hiki kidogo kipalilie kwa mkono tu.

Kama pale chini maji hutuama yakafanya dimbwi, usilizibe. Madimbwi yanayojaa wakati wa mvua na kukauka kiangazi hayana samaki, na pasipo samaki mayai ya vyura yana usalama. Kama maji ya paani yanaelekea huko, unaweza kuchimba beseni pana lisilo na kina, mita tatu au zaidi mbali na msingi wa nyumba, lipokee maji na kuyanywesha ardhini ndani ya siku moja au mbili. Mbu wa kawaida huhitaji kama wiki nzima ndani ya maji kabla ya kuruka, kwa hiyo beseni linalokauka mapema halimfai. Dimbwi la vyura linakaa zaidi, ni kweli, lakini humo wapo wanaokula viluwiluwi vya mbu.

Bustani ya mboga sitaizungumzia sana, maana shida yake ni ileile kwa kiwango kidogo. Inua matuta, njia za katikati zibaki palepale kila mwaka na zijazwe maganda ya miti, usilime tope. Tuta lisilo na mboga lisiachwe tupu: panda mazao ya kufunika udongo, nafaka kama shayiri pamoja na jamii ya kunde inayostahimili baridi, uyakate joto likirudi na kuyaacha juu kama matandazo. Samadi usiitie sasa. Mvua itaiosha naitrojeni yake kabla mboga haijaionja, na kwa kuwa bustani yako iko juu na kijito kiko chini, unajua itakapoishia. Itayarutubisha magugu njiani.

Kwa hiyo, hesabu ya mwaka huu: mduara wa kila mche uliopona, mierebi au ndugu zake wa asili kwenye ukingo uliomegeka, mbegu chache zilizorushwa, ramani ya maji. Pengine utakuwa umegusa mita za mraba 100 kati ya 1,000. Mwaka wa kwanza utaona kama hujafanya kitu. Utarudi kupalilia palepale mwaka wa pili na wa tatu, kila mara kwa muda mfupi zaidi, na hapo ndipo ngome zitaanza kugusana.

Toboa yale mashimo mawili wiki hii, mvua ikitulia. Niandikie maji yameshuka sentimita ngapi kwa saa, udongo ni wa rangi gani, na ni aina zipi za miche zilizopona wapi. Majina ya mimea ya kuongeza tutayazungumza baada ya hapo.